"Mwanangu ndiye aliyemuonea mwenzake": jibu kwa mama wa Morogoro

Mama mmoja wa Morogoro kaniandikia, maneno yake nimeyafupisha: "Nina kijana wa miaka 15, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Juzi nimeitwa na mkuu wa shule nikaonyeshwa picha ya binti wa darasani kwao, sketi imechafuka nyuma, alikuwa kwenye siku zake. Picha ilipigwa tuisheni. Wameigeuza stika, wameiwekea maneno, imezunguka kwenye magrupu ya shule mbili na kuna mtu kaipeleka TikTok na wimbo juu yake. Binti ana wiki haji shule. Admini wa grupu ni mwanangu na stika katengeneza yeye. Baba yake kampiga sana na simu kaipiga chini ikapasuka. Mtoto anasema tulikuwa tunatania tu, picha sikupiga mimi, na mwenyewe alicheka. Huyu mtoto ni mpole, anaswali, hajawahi hata kupigana. Katoa wapi roho hii? Na je wanaweza kumfunga?"

Pole sana dada yangu. Kwa miaka niliyokaa kwenye ushauri nasaha mashuleni, wazazi wanaonijia karibu wote ni wa mtoto aliyeonewa. Wa upande wako huja wachache mno, na wengi wao huja kubisha kwamba mtoto kasingiziwa. Wewe hujabisha, umeangalia ile picha ukakubali kwamba ni kazi ya mwanao, kwahiyo tuna pa kuanzia.

Maswali yako yote ntayajibu, ila naomba tuanze na binti, maana saa hizi ninavyoandika yeye yuko ndani kwao na ile stika bado inatembea. Kile kitufe cha kufuta kwa wote kwenye WhatsApp kina muda wake, ni kama siku mbili na nusu hivi, wiki ikishapita hata admini hafuti tena kwenye simu za watu. Alafu stika ni mbaya kuliko picha ya kawaida, mtu akishaihifadhi kwenye stika zake inabaki humo humo hata ujumbe wa kwanza ukifutwa, na atakuja kuitoa miezi mitatu baadaye kwenye maongezi mengine kabisa. Kwahiyo hakuna kitufe kitakachotuokoa, inabidi watu waombwe mmoja mmoja, na wa kuomba ni mwanao.

Simu imepasuka, sawa, je laini ipo? Iwekeni kwenye simu nyingine, mfungue WhatsApp kwa namba ileile, atajikuta bado yumo kwenye magrupu yake na uadmini wake anao. Kabla hajaandika chochote mwalimu wa nasaha awe na skrinishoti chache zenye tarehe na namba, azitunze mtu mzima mmoja tu, zisigeuke tena kitu cha kuzungushwa ofisini. Kisha mwanao aandike maneno mafupi, bila kutaja jina la binti wala kuirudia ile picha, aseme ile stika niliitengeneza mimi, nilikosea, futeni, nitamfata kila mtu inboksi kuhakikisha, na kweli awafate. Grupu alifunge, ile sehemu ya admini peke yake ndiye anaetuma ujumbe, asije mtu akajibu kwa kuituma tena. Wa TikTok naye atafutwe aombwe aitoe, na wakati huohuo klipu iripotiwe. Itachukua siku kadhaa na itamuaibisha mbele ya wenzake, lakini hii aibu ina kazi inayoifanya, tofauti na ile ya fimbo.

Sasa, katoa wapi.

Tuanze na hilo neno alilokwambia, tulikuwa tunatania. Kuna uwezekano mkubwa hakudanganyi, yani kichwani kwake kweli ulikuwa utani. Sisi ni watu wa utani, Mpare na Mchaga wakikutana wanasemana mpaka mgeni anaogopa, Simba na Yanga ndio usiseme. Ila utani wetu una masharti ambayo hatujawahi kukaa chini tukawafundisha watoto. Mtani anakusema akiwa amekuangalia machoni, na wewe una haki ya kumrudishia tena kwa kipimo kilekile, na siku una msiba huyohuyo ndio anakuja kukuchekesha na kushika jembe. Chukua hiyo uiweke kwenye grupu la watu themanini wanaomcheka msichana mmoja. Arudishe nini? Amtume nani?

Dan Olweus wa Norway, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa anachunguza uonevu wa mashuleni, aliuelezea kwa alama tatu: kuna kukusudia kumuumiza mtu, kuna kurudiarudia, na kuna nguvu zisizolingana. Wazazi wengi wananiambia lakini mwanangu kafanya mara moja tu. Kweli kabisa kabonyeza mara moja, ila kwenye simu anayerudia sio lazima awe yeye. Kila aliyefowadi karudia, kila aliyeiweka stetasi karudia, na binti akifungua simu saa nane usiku inajirudia mbele ya macho yake. Mtoto anahesabu alichofanya yeye na aliyeonewa anahesabu kilichomfikia, hesabu mbili tofauti kabisa, na mimi nadhani ndio maana mtoto wako anashangaa kwanini watu wazima mmekasirika kiasi hiki.

Na hilo la mwenyewe alicheka. Dada yangu, hili nalisikia karibu kila kesi. Picha inatumwa, binti anaiona, watu wote wanasubiri atasema nini, sasa afanye nini? Akilia wataifanya stika ya pili. Akinyamaza wataendelea kumuita. Basi anaweka emoji ya kucheka akiwa kajifungia chooni. Ile emoji ni ngao, lakini upande wa pili wanasoma kwamba karidhia. Shuleni uso kwa uso wangemuona mdomo unatetemeka, na watoto wengi, hata watundu, wakiuona uso wa namna hiyo wanaacha. Mwanasaikolojia John Suler aliandika mwaka 2004 kuhusu jinsi mtu anavyolegeza breki akiwa mtandaoni, anasema na kufanya vitu ambavyo ana kwa ana asingethubutu, na moja ya sababu alizotaja ni kwamba humuoni mwenzako wala yeye hakuoni. Hapo ndipo jibu la mtoto wako mpole lilipo. Upole wake unategemea kuuona uso wa mtu, huko kwenye skrini hakuna uso.

Ongeza usiku. Hivi vifurushi vya usiku ni vya bei ya chini, na watoto wetu ndio wanavitumia, saa sita, saa saba, nyumba nzima imelala, mtoto kachoka, ubongo wa miaka 15 ambao hata mchana kujizuia bado unajifunza. Uliza hiyo stika ilitengenezwa saa ngapi, kesi ninazozijua mimi nyingi ni usiku wa manane. Na tuisheni pia, shuleni simu haziruhusiwi, tunajua, kwahiyo zimehamia tuisheni ambako hakuna mwalimu wa zamu wala mwenye jukumu la nidhamu, mwenye kituo anafundisha hesabu anapokea hela yake basi.

Kuna hao themanini pia. Mwanao asingepata hata mmoja wa kucheka stika ingekufa siku hiyohiyo. Lakini alipata vicheko, na kwa umri wake vicheko vya wenzake ni chakula. Wale waliocheka nao sio kwamba wote walifurahia, nimeshakaa na wengi wa aina hiyo baadaye, mmoja mmoja, wanasema mi niliona vibaya ila ningesema kitu wangehamia kwangu. Kila mmoja anaona kicheko chake ni kidogo, na aliyechekwa anavipokea vyote kwa mpigo.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo itakuuma, na nikiri imechukua muda mrefu mimi mwenyewe kuikubali, kwasababu na mimi nimekaa mashuleni. Kumuanika mtu aliyekosea mbele ya watu ni kitu ambacho mtoto huyu kakifundishwa na sisi. Paredi asubuhi, mwanafunzi anaitwa mbele, anasemwa, anachapwa, wengine mia sita wanaangalia na kuna wanaocheka, mwalimu hakatazi kicheko, tena kwa wengine kicheko ni sehemu ya adhabu. Nyumbani mtoto kakojoa kitandani anavishwa shuka shingoni majirani wamuone. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka yanawekwa kwa namba za mtihani, na kwakuwa namba wanazijua, dakika tano tu skrinishoti ya mwenye ziro iko kila grupu, na wanaofowadi sio watoto peke yao, ni wajomba na shangazi. Ajali imetokea barabarani, maiti hata haijafunikwa, baba wa familia kashatuma kwenye grupu la ukoo. Ikivuja video ya faragha ya mtu, watu wazima wenye ndevu wanaombana "konekisheni" bila aibu yoyote. Mtoto yupo hapo, anaona, anajua kabisa kinachofanyika mtu akianguka: unatoa simu.

Kwahiyo ukiniuliza katoa wapi roho hii, nitakujibu sidhani kama ana roho mbaya, ana mafunzo mabaya, na mengi kayapata kwa watu anaowapenda na kuwaheshimu. Simu ilimpa tu paredi ambayo haiishi kengele ikilia.

Na kwanini picha ile, hedhi? Jiulize kijana wako kafundishwa na nani kuhusu hedhi. Shuleni kasoma mchoro wa baiolojia, nyumbani ni kitu cha kina mama cha kunong'onezana, dukani pedi inafungwa gazeti. Kilichofichwa hivyo mtoto wa kiume akikiona anajua mambo mawili tu, kicheko au kinyaa. Hili si dogo. Mwezi wa 9 mwaka 2019 kaunti ya Bomet kule Kenya msichana wa miaka 14 alijiua, mama yake akaeleza kwamba mwalimu alimuita mchafu na kumtoa darasani baada ya kuchafuka. Pale hapakuwa na simu, ilikuwa darasa moja tu. Sikutishi, nataka baba yake na kijana waelewe kwanini mimi na mkuu wa shule hatuliiti hili utundu. Mwaka huohuo UNICEF waliuliza vijana zaidi ya 170,000 wa miaka 13 mpaka 24 kwenye nchi 30, mmoja kati ya watatu akasema ameshaonewa mtandaoni, na mmoja kati ya watano akasema ameshakosa shule kwa ajili ya uonevu huo na ukatili. Binti wa darasani kwa mwanao ni mmoja wa hao, ana wiki sasa.

Kitu kimoja zaidi kwenye sababu, na hiki kitafute mwenyewe kwa kumuuliza taratibu: yeye kafanyiwa nini? Watoto wengi walioletwa kwangu kwa kuonea walikuwa wameshaonewa, kwa rangi, kwa kitambi, kwa kubeba maandazi ya kuuza, kwa Kiingereza kibovu. Kuna anayeanza kuchekesha watu kwasababu kagundua kwamba anayechekesha hachekwi. Hata majina tunayowapa nyumbani, bonge, kipipa, cheusi, tunaona ya mapenzi na yeye anayameza. Ukikuta kuna kitu, hicho hakimfutii kosa, ila bila kukijua utakuwa unakata majani mzizi uko chini.

Kuhusu kufungwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu mawasiliano kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Hiyo ni kwa mtu mzima. Mwanao ana miaka 15, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni mtoto, kesi yake ikifika huko inaenda Mahakama ya Watoto, na sheria hiyo inasema mtoto hahukumiwi kifungo cha jela, ingawa mahakama ina njia nyingine, ikiwemo kumpeleka shule ya maadilisho kama ile ya Irambo Mbeya. Familia ya binti wana haki kabisa ya kwenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na nakuomba sana msiwabembeleze wasiende, wala msitume mtu na bahasha. Pia angalia laini ya mtoto imesajiliwa kwa NIDA ya nani, kama ni yako basi wa kwanza kuitwa kuulizwa ni wewe. Na kwa wazazi wengine mnaosoma: kama picha ingekuwa ya utupu hii ingekuwa habari nyingine, kosa zito zaidi mara nyingi, na hata kuihifadhi "kwa ushahidi" kwenye simu yako ni hatari. Kwa picha za utupu za walio chini ya miaka 18 kuna huduma inaitwa Take It Down, ilianza 2023, inatengeneza alama ya picha kwenye kifaa chako bila picha yenyewe kutoka, na mitandao inayoshirikiana nao inaitumia alama hiyo kuitafuta na kuizuia. Namba 116, simu kwa mtoto, ni bure, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe.

Kuhusu kipigo na simu iliyopasuka ntasema kidogo tu maana nadhani baba ameshapoa. Mtoto aliyepigwa kwa ajili ya stika anajifunza kujificha vizuri zaidi, mara ya pili atakuwa na laini ya rafiki na akaunti ya jina la uongo. Simu akinyimwa kabisa atatumia ya mwenzake na hapo wewe huoni chochote. Mimi ningemrudishia, sio sasa, baada ya kazi ya kuifuta stika kwisha, na irudi na masharti: usiku inalala sebuleni pamoja na ya kwenu, naam na ya kwenu, uadmini anauacha, na kwa miezi kadhaa mnakaa nae mara moja kwa wiki anakuonyesha magrupu yaliyomo, yeye akishika simu, wewe ukiuliza. Ukimpokonya ukaanza kusoma mwenyewe mmerudi kwenye polisi na mwizi.

Radhi sasa. Tafadhali sana mkatalie mkuu wa shule kama ana mpango wa kumsimamisha paredi aombe msamaha. Najua nia ni nzuri, lakini binti atatajwa upya mbele ya shule nzima, na kijana ataanikwa, na wale mia sita watapata kitu kipya cha kurekodi. Radhi iende nyumbani kwa binti. Wewe mpigie mama yake kwanza, mama kwa mama, usianze na mwanangu anajuta, anza na pole, muulize binti anaendeleaje, alafu nyamaza umsikilize hata akikutukana. Uliza kama binti yuko tayari kumuona kijana. Anaweza akakataa na ni haki yake, basi kijana aandike barua kwa mkono akamkabidhi mama. Akikubali, nendeni watatu, wewe, baba na yeye, bila simu mfukoni, na kijana aseme kwa mdomo wake alifanya nini, hatua kwa hatua, bila neno utani na bila neno lakini. Mfanyishe mazoezi nyumbani, atashindwa mara ya kwanza, atasema "kama nilimkosea", mrudishe aanze tena.

Shuleni kuna kazi ya binti kurudi na hiyo haiwezi kufanywa na mwanao. Mwalimu wa nasaha atafute wasichana wawili watatu anaowaamini binti, wamfate kwao asubuhi waende wote, wakae nae siku za mwanzo. Na darasa lao, wavulana pamoja na wasichana, wafundishwe hedhi na mtu anayeweza kuongea bila kuona aibu, muuguzi wa kituo cha afya cha karibu anatosha.

Na huyu kijana mwangalie. Siku chache hizi kapigwa, wenzake wanamuona snichi kwa kufunga grupu, na huenda usiku akifumba macho ndio anaanza kuiona ile picha kama ilivyo. Akiacha kula, akijitenga, akitoa maneno ya kutotaka kuishi, usingoje, mpeleke hospitali aonwe. Muulize swali moja tu mkiwa wawili, jikoni au njiani, sio mezani kama kesi: siku ile baada ya tuisheni, yule binti alirudije nyumbani? Alitembea? Alipanda daladala? Alijifunga nini kiunoni? Usimsaidie kujibu.

Kabla ya yote hayo zungumza na baba yake, leo usiku mtoto akishalala, maana kama atakwenda kwa wale watu akiwa bado anataka kumpiga mtoto mbele yao ili waridhike, itabidi uende peke yako.